Kisigino Kilichokataa Kushuka

Kama mgongo unakuuma na kila jirani ana sababu yake ya kukueleza, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Kitandani nisingeweza kuyaandika, maana wakati ule kichwani hamkuwa na kitu ila hofu. Sasa natembea. Sitembei kama zamani, lakini natembea, na nakumbuka.

Naitwa Rehema. Nimezaliwa Isansa, kwenye mashamba ya kahawa, nikaolewa Tunduma na Festo, fundi wa springi za malori. Mimi nashona nguo. Jioni nyingine nilikuwa nafanya karate. Watu waliona ajabu, mama mzima mwenye mtoto kuvaa suruali nyeupe na kupiga kelele pamoja na vijana. Lakini huko huko kwenye karate ndiko nilikokutana na Festo. Tulipooana yeye aliacha. Mimi sikuacha.

Mwalimu wetu alikuwa Mzambia, jina lake Mulenga. Alivuka kwa miguu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akatufundisha katika ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Vijana walikuja wakitaka mateke ya kuruka waliyoyaona kwenye mabanda ya video. Yeye aliwasimamisha tu. Mguu mmoja mbele, goti limekunjwa hadi hulioni gumba la mguu. Mguu wa nyuma umenyooka, kisigino kimebana sakafu. Kisimamo hicho kinaitwa zenkutsu. Kingine ni kiba, unasimama kama mtu aliyepanda farasi, mapaja yanawaka moto. Na kutembea hatukuinua nyayo. Tuliziteleza juu ya sakafu, kichwa kikibaki usawa ule ule kama vile umebeba ndoo ya maji. Wengi waliacha kwa kuchoka kusimama. Mwalimu alicheka, akasema kwa Kibemba chake, "Panono panono, bane." Pole pole, jamani.

Kila kipindi alipita nyuma yetu akitusukuma nyonga kwa kiganja, aone nani ameshika ardhi. Mimi nilikuwa mfano wake. "Mtazameni mama Neema," alikuwa akisema. "Huyu ukitaka kumng'oa leta trekta."

Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, baridi ya Mbozi inapochoma hadi kwenye kucha. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu masika, katikati, chini kidogo ya mabega. Nilidhani ni cherehani. Jioni hiyo niliweka kisimamo changu, na kisigino cha nyuma kikakataa kushuka. Nilikisukuma kwa akili yote, kikabaki juu kinatetemeka kama mguu wa mtu anayesubiri habari mbaya. Mwalimu akanigusa nyonga. Hakusukuma, aligusa tu. Nikaanguka.

Vijana walicheka, nami nikacheka. Mwalimu hakucheka. Alinishika mkono, akaniinua, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, unaumwa?"

"Nimechoka tu, mwalimu."

Kutoka hapo mwili ulianza kuniacha kidogo kidogo. Jasho lililowesha shuka wakati Festo kajifunika mablanketi mawili. Chakula kikawa kama majivu mdomoni. Nguo nilizojishonea mwenyewe nikawa nazipunguza, kisha nazipunguza tena. Sokoni macho ya watu yalinipima kutoka shingoni hadi kiunoni, na nilijua wanapima nini. Miaka ile, mtu akikonda mpakani hapa, hukumu ilishatoka. Hakuna aliyeniambia kitu. Walinisalimia kwa upole mno, na upole huo uliniogopesha kuliko matusi.

Zahanati nilipewa dawa za maumivu, nikapata nafuu, nikarudi, nikapewa tena. Nilikaa kwenye lile benchi la nje, jua likihama kutoka magotini hadi usoni, nikisikiliza watoto wakikohoa. Siku moja nilitoka pale nikafika nyumbani, Neema akaniuliza, "Mama, ndala yako nyingine iko wapi?" Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa vumbi, gumba linavuja damu. Nilikuwa nimetembea njia nzima bila kujua. Nilikaa kizingitini nikalibana lile gumba kwa kucha. Nililibana kwa nguvu. Ilikuwa kama kulibana gumba la mtu mwingine.

Nilimficha Festo kwa muda. Halafu mvua za kwanza zilipoanguka, asubuhi moja nilishusha miguu kitandani nisimame, nikajikuta sakafuni.

Mama mkwe alikuja siku ile ile. Alikuwa mwanamke wa Kinamwanga mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Alisimama mlangoni akanitazama, akamgeukia mwanawe.

"Nilisema au sikusema? Mwanamke anarushwa chini kama gunia, mgongo utabaki? Yule Mzambia amemvunja."

"Mama, hajamrusha mtu," Festo alisema. "Mimi nayajua yale mafunzo. Wanasimama tu."

"Wanasimama! Sasa asimame basi tumwone."

Kesho yake alikwenda na shemeji zangu wawili hadi ukumbini. Sikuwepo, nilisimuliwa. Walimkuta mwalimu anafagia. Walimwambia akionekana tena upande huu wa mpaka ataona. Aliegemeza ufagio ukutani, akachukua begi lake, akaondoka. Ukumbi ukafungwa.

Mama yangu naye alishuka kutoka Isansa na wazo lake: nipelekwe kwa mganga huko Momba bondeni. Wale mama wawili, ambao hawakuwahi kupendana, wakakubaliana juu ya hilo. Festo alikuwa amekaa, mikono yake ya grisi imening'inia katikati ya magoti. Kisha akasema, "Kesho anakwenda Mbeya. Atakayetaka kumpeleka kwa mganga anibebe mimi kwanza."

Tulipata pikapu ya rafiki yake. Walinilaza nyuma kwenye godoro, mama akakishika kichwa changu mapajani. Kila shimo la barabara lilinipasua. Vwawa tukapita, Mlowo tukapita. Tulipofika Nanyala mama alininong'oneza, "Mwanangu, umejikojolea." Mimi sikuwa nimesikia kitu. Wala joto, wala unyevu. Nilitazama mawingu yakikimbia juu yangu, nikahisi kwamba kuanzia kifuani kwenda chini nimeshakufa, na kifo kinapanda. Nilianza kupiga kelele. Mama alinifunika kwa khanga yake ili watu wasinione.

Hospitali ya Mbeya nilingoja kwenye kitanda cha magurudumu, ukutani, katika korido ndefu iliyonuka dawa ya kusafishia. Kila mlango ulipofunguliwa niliinua shingo. Walinipiga picha ya mgongo, wakanitoa makohozi, wakanitoa damu. Walipotoa damu nilijua ya nini, na Festo alijua. Akaondoka akasimama dirishani, mgongo kanigeuzia.

Majibu ya damu yalichelewa. Nadhani sijawahi kuogopa hivyo maishani. Kupooza hakukunitisha kama hilo. Niliogopa sura ya Festo, niliogopa Neema kuitwa mtoto wa fulani. Niliahidi vitu vingi kwa Mungu, vingine sijavitimiza.

Daktari alikuwa dada mdogo, mwembamba, anayeongea haraka. Aliinua ile picha kwenye mwanga. "Damu yako haina virusi," alisema kwanza, maana aliona macho yangu. "Tatizo lako ni TB. Si ya mapafu, ni ya mfupa. Imekula pingili mbili hapa, na usaha unabana mshipa unaoshuka miguuni."

Festo akauliza, "Daktari, ni karate?"

"Karate haileti TB. Inaletwa na mdudu. Anaingia kwa hewa."

"Atatembea?" Swali hilo lilikuwa langu, ila Festo ndiye aliyelitoa mdomoni.

Daktari hakuharakisha safari hii. "Wengi hutembea. Wengine hapana. Tuanze leo."

Wiki zile nazikumbuka kwa sindano. Zilikuja kila asubuhi, paja hili, kesho paja lile, na kwa kuwa sikuhisi maumivu nililia kwa kutoumia. Vidonge vilifanya mkojo kwenye mpira uwe mwekundu kama chai ya rangi. Siku ya kwanza nilidhani ni damu nikamwita nesi kwa mayowe. Masikio yakaanza kuvuma, nikaogopa kwamba sasa na kusikia kunaondoka. Nililala chali juu ya ubao uliowekwa chini ya godoro, nageuzwa kama mkate ili nisipate vidonda. Mgongoni kilikuwa kimeota kinundu. Nilipokigusa mara ya kwanza niliondoa mkono haraka, kama nimeshika chura.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Nyanzobe, Msukuma wa kule Momba bondeni, ambako mumewe alihamia na ng'ombe. Naye alikuwa na TB, na kwake damu ilileta majibu ambayo kwangu hayakuja. Nilipojua, niliona aibu kwa furaha yangu. Yeye alinisamehe bila kuniambia. Alinigawia maziwa ya mgando mumewe alipoleta, akaniuliza habari za karate, kwa sababu mama alikuwa amemsimulia akidhani ni jambo la kusikitisha.

"Yaani mlikwenda jioni kufundishwa kusimama?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na mwalimu?"

"Na mwalimu."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Ng'wanawane! Mwanangu, ndama anazaliwa, anasimama, hana mwalimu."

Nikamweleza visimamo vyote, kimoja kimoja. Alikipenda cha paka, neko-ashi, ule uzito wote ukiwa mguu wa nyuma na mguu wa mbele umegusa kwa ncha tu, tayari kuondoka. Kila asubuhi baada ya sindano alidai, "Haya, leo simama paka." Nami nililala chali nikasimama paka kichwani. Nikatuma amri kwenye nyonga, kwenye goti, kwenye kisigino. Niliita kisigino kwa jina lake. Hakuna kilichojibu. Ilikuwa kama kugonga mlango wa nyumba ambayo watu wake wamehama, na kila asubuhi niliogopa kugonga, lakini kumwambia Nyanzobe hapana nilishindwa.

Alifariki mvua zilipokuwa nzito, mchana, wakati wa kutembelea wagonjwa, mumewe akiwa njiani. Walivuta pazia. Nilisikia kila kitu. Pazia lilipofunguliwa kitanda kilikuwa na shuka jipya lililonyooshwa vizuri mno. Siku zile sikusimama kisimamo chochote. Nilitazama dari nikafikiri, nani anayefuata kwenye mstari huu?

Kilichonirudisha si ushujaa. Ni mama. Alikuwa akiniosha miguu asubuhi, ananung'unika juu ya mahindi yake huko Isansa yanayohitaji palizi, na mimi, kwa mazoea tu, kwa kukosa la kufanya, nikatuma amri kisiginoni. Mama akaacha kuosha.

"Wewe. Umenisukuma?"

"Mimi? Hapana."

"Mguu huu umenisukuma. Rudia."

Nikarudia. Sikuhisi kitu. Lakini mama alitupa kitambaa kwenye beseni, akakimbia korido nzima peku akimwita nesi, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetangaza msiba, hata wagonjwa wengine wakaanza kulia.

Nilirudi Tunduma mahindi yalipokuwa yanakauka shambani. Nilivaa mkanda mgumu wa kunishikilia kiwiliwili, nikapewa magongo mawili. Sindano zilikwisha, vidonge vikaendelea, nikivimeza kila asubuhi zahanati mbele ya nesi. Watu hudhani ukitoka hospitali hofu inabaki huko. Inakufuata nyumbani. Miguu ilirudi, lakini ilirudi kama miguu ya mgeni: migumu, inajikaza ghafla, magoti yanapishana kama mkasi. Kila maumivu madogo ya mgongo nilisema, imerudi.

Na Festo akabadilika. Alichelewa gereji. Alihamia kulala chumba cha mtoto, akisema asije akaniumiza. Siku moja nilianguka jikoni, uji ukamwagika, akaingia akasimama ananitazama bila kuniinua.

"Kama umechoka nirudishe kwetu," nilimwambia kutoka sakafuni.

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hunigusi, Baba Neema. Hata kuniinua huniinui."

Akakaa chini, kwenye uji ule ule. "Naogopa," alisema. "Daktari alinionyesha ile picha. Mifupa yako niliiona imeliwa. Kila nikitaka kukushika naiona. Naogopa nitakuvunja."

Tulikaa pale hadi uji ukapoa. Kisha nikamwonyesha pa kushika: chini ya makwapa, si mgongoni. Akanishika.

Ndiye aliyenikumbusha kuteleza. Nilikuwa nikijaribu kutembea kama watu, kuinua nyayo, na kila nikiinua ncha ya kidole ilijikwaa. "Wewe si ulikuwa unateleza?" alisema. "Usiinue. Nenda kama mlivyofundishwa." Nikashusha nyonga kidogo, nikaacha wayo uguse udongo, nikausogeza. Ukaja. Wa pili ukaja. Uani kwetu kulikuwa na mawe madogo madogo yaliyonishika. Asubuhi moja nilitoka nikakuta ua umefagiwa, umemwagiwa maji, umeshindiliwa laini kama sakafu. Mama mkwe alikuwa pembeni na jembe, amevimba mishipa ya shingo.

"Pita," alisema. Hakusema kingine, na mpaka leo hatujalizungumza.

Nilisimama kiba mbele ya cherehani, mikono juu ya meza, mapaja yakitetemeka, nikiogopa, nikisimama. Siku nyingine miguu ilikataa kabisa, nikalala nikageukia ukuta. Nikueleze ukweli: zilikuwa nyingi siku hizo.

Kahawa ilipoiva tena nilikuwa na gongo moja, na vidonge vilikuwa vimebaki vichache. Nikamwambia Festo nataka kwenda Nakonde kumtafuta mwalimu. Watu walisema alikuwa anauza mitumba. Nilitaka asikie kwa mdomo wangu kwamba hakunivunja.

Tulimkuta nyuma ya rundo la makoti, amekaa juu ya marobota. Nilimpita mara moja bila kumtambua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Aliponiona alisimama, akashika kifua, akatazama miguu yangu, halafu gongo, halafu Festo, kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Mwalimu," nilisema, "daktari anasema ni mdudu. Anaingia kwa hewa. Si wewe."

Alifunika uso. Alilia kama mtoto mbele ya wateja. Alisema kila siku alikuwa anaiona ile nyonga chini ya kiganja chake. Halafu kilio kikageuka kikohozi. Kilimkunja. Kiliendelea muda mrefu, kikavu, kirefu, na nilikijua. Niliwahi kulala karibu na kikohozi hicho.

Nikamsogelea.

"Kikohozi hicho cha tangu lini?"

"Vumbi la makoti, dada."

"Cha tangu lini?"

Aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye suruali. Nikaelewa kwamba alikuwa anajua, kama nilivyojua mimi nilipokuwa najibana gumba kizingitini.

Huenda nilipata kwake. Huenda yeye alipata kwangu, ingawa nesi alisema ya mfupa haiambukizi. Huenda sote tulipata kwa mtu fulani tuliyekaa naye mahali fulani. Nimelifikiria hilo nikalichoka. Siku ile nilifikiri jambo moja tu, kitanda chenye shuka lililonyooshwa.

"Siendi," alisema. "Nikienda wataniambia."

"Watakuambia, ndiyo. Mimi nitakuwa pale."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kliniki ya upande wao. Festo alitufikisha, akarudi kazini. Tulikaa wawili katikati ya watu, mwalimu amefunga mdomo kwa leso, ameshika magoti. Mtu huyu alinifundisha kusimama kwa miaka. Walipoita jina lake hakuinuka. Waliita tena. Akanigeukia, macho yamejaa maji.

"Miguu imekataa, dada."

Usidhani nilikuwa jasiri. Harufu ya pale, ule mlango mweupe, kila kitu mwilini mwangu kiliniambia kimbia. Nikaliweka gongo chini ya benchi. Nikafungua miguu, nikashusha uzito, nikasimama mwenyewe, na nilipokuwa na uhakika kwamba ardhi imenishika, nikampa mkono.

"Panono panono, mwalimu," nilisema.

Akaushika. Tukaingia pamoja.